Siku Moja ya Kuvua Trauti katika Mto Thego

Nilijifunza kuvua nikiwa mtoto huko Kilifi, kwa mshipi wa mkono, kipande cha risasi na chambo cha ngisi. Nilipohamia Nairobi niliacha, na kila nilipojaribu tena katika mabwawa ya kulipia nilijikuta nikiwangoja samaki waliozoea kulishwa, hadi raha yote ikanitoka. Kwa hiyo nililipa shilingi 5,000 nikiwa na shaka kubwa, ili nifundishwe kwa siku moja kuvua trauti, samaki wa mito yenye maji baridi, kwa nzi wa bandia katika mto Thego, unaoteremka kutoka Mlima Kenya upande wa Nyeri.

Mwongozaji wetu, mzee mpole aliyezaliwa karibu na mto huo, hakutupeleka majini moja kwa moja, bali alituweka uwanjani kwenye majani kwa saa nzima. Nilielewa sababu baadaye. Mshipi wa pwani huvutwa na uzito wa risasi, ilhali nzi wa bandia, ambaye ni ndoana ndogo iliyofungwa manyoya na nyuzi, hana uzito wa kutosha kuuvuta mshipi. Ni mshipi wenyewe, uliotengenezwa mnene, unaorushwa na kumbeba. Unaupeleka nyuma, unangoja ukunjuke wote, kisha unausukuma mbele. "Usiharakishe, mwanangu, uache kwanza ujinyooshe," aliniambia mara nyingi, na mkono wangu uliozoea nguvu ukajifunza polepole kungoja.

Tulipofika mtoni aligeuza mawe, akatuonyesha wadudu wachanga walioshikamana chini yake, ndipo akachagua nzi anayefanana nao. Nzi hao walifungwa kwa mikono hapa hapa Kenya, nchi ambayo kazi ya mafundi wake huuzwa kwa wavuvi wa ng'ambo. Kuanzia hapo sikuketi tena: nilisoma maji, nikatafuta mahali mkondo unapopungua nyuma ya jabali, nikarusha, nikakosea, nikarusha tena. Nilipata trauti wawili tu, mkubwa wao akiwa na sentimita 25 hivi, na niliwarudisha wote mtoni. Hata hivyo moyo ulinidunda kama siku nilipovuta samaki wangu wa kwanza wa baharini, aina ya changu. Samaki hawa si wenyeji. Trauti wa kwanza nchini waliletwa kutoka Uskoti na mlowezi Mwingereza Ewart Grogan, akawaweka katika mto Gura, unaotoka milima ya Aberdare, mwaka 1905.

Kasoro zilikuwepo. Buti za mpira zilikuwa za saizi kubwa tu, jambo la hatari kwenye mawe yenye utelezi, na hatukuambiwa mapema kwamba kibali cha kuvua hulipiwa kando. Mafunzo yenyewe, hata hivyo, yalistahili kila shilingi.

Anayetaka kwenda aepuke masika, kwa kuwa mvua huyatia maji tope na nzi haonekani. Mimi nimeweka nafasi mbili za Februari, moja yangu na nyingine ya baba, aliyenishikisha mshipi kwa mara ya kwanza.