Ofisi ya Ushauri wa Udahili, Wandegeya: Mafaili Mawili ya Mpwa Wangu

Nilifika katika ofisi hii, iliyo juu ya maduka ya kuchapishia karatasi pale Wandegeya, Kampala, nchini Uganda, nikiwa na mpwa wangu mwenye uoni hafifu na matokeo ya UACE, mtihani wa taifa wa kumaliza kidato cha sita, yaliyotuvunja moyo sote nyumbani: alikuwa na ufaulu mkuu (principal pass, ngazi ya juu ya kufaulu) katika somo moja tu, historia, na masomo mengine mawili yaliishia katika ufaulu mdogo (subsidiary pass, ngazi ya chini yake). Chanzo tulikijua. UNEB, baraza la mitihani la Uganda, huwapa watahiniwa wenye ulemavu dakika 45 za ziada kwa kila karatasi, na huandaa maswali ya nukta nundu au ya maandishi makubwa kwa wanaoyahitaji, lakini ni lazima shule itoe taarifa mapema inapoandikisha watahiniwa. Shule aliyosoma haikutoa taarifa hiyo, na kijana akaufanya mtihani wa jiografia pua ikikaribia kugusa karatasi, hadi muda ukaisha na ramani hajaimaliza.

Mshauri aliyetupokea, mama wa makamo, alimsikiliza yeye kwanza kabla ya kunigeukia mimi, jambo ambalo sikulizoea, kwa kuwa katika ofisi nyingi tulizopita watu huniuliza mimi habari za macho yake kana kwamba hayupo. Kisha akasema, "Mwanangu, matokeo yako na macho yako ni mambo mawili, tusiyafunge kwa kamba moja." Akatoa mafaili mawili. La kwanza lilikuwa la kueleza kilichoharibika katika mtihani na jinsi kitakavyorekebishwa. La pili lilikuwa la kueleza anachohitaji ili asome chuoni kama wenzake. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo thamani kubwa ya huduma yao, maana barua tuliyokuwa tumeiandika nyumbani ilichanganya yote mawili na kuishia kuomba huruma.

Katika faili la kwanza alitupangia njia zilizopo bila kutuharakisha. Tulikuwa tumeamua arudie jiografia peke yake, tukidhani alama mpya ingejumlishwa na ile ya historia. Alitueleza kwamba udahili wa moja kwa moja kwa shahada unadai ufaulu mkuu wa masomo mawili yaliyofanywa katika mtihani wa mwaka mmoja, kwa hiyo angepoteza ada na mwaka mzima. Kwa ufaulu mkuu mmoja na midogo miwili angeweza kuanza na stashahada na baadaye kupanda hadi shahada. Njia ya watu wazima, inayoanzia umri wa miaka 25 na yenye mtihani wake, aliitaja kwa ufupi tu kwa sababu kijana ana miaka 20. Mpwa wangu alichagua kurudia masomo yote, na safari hii barua ya daktari wa macho ilifika kwenye kituo cha mtihani kabla uandikishaji haujafungwa.

Faili la pili ndilo lililochukua muda mrefu zaidi. Nilijua kwamba kati ya nafasi 4,000 ambazo serikali hufadhili kila mwaka katika vyuo vikuu vya umma, 64 hutengwa kwa watu wenye ulemavu, lakini nilidhani kutaja ulemavu kunatosha. Mshauri alifuta maneno kama "nateseka sana" na kumwuliza kijana maswali ya vitendo: unasoma herufi za ukubwa gani, ubaoni unaona kutoka wapi, unatumia programu ya kusomewa maandishi kwenye kompyuta? Majibu yakawa barua ya nusu ukurasa inayoomba maandishi ya ukubwa wa 18, kiti cha mbele, muda wa ziada katika mitihani na notisi za mhadhara kabla ya kipindi. Alimshauri pia aangalie Kyambogo, chuo kilichozaliwa mwaka 2003 kwa kuunganisha taasisi tatu, mojawapo ikiwa taasisi ya taifa ya elimu maalumu, kwa sababu kijana anataka kuwa mwalimu.

Lipo linalonisikitisha. Ofisi iko ghorofa ya tatu, ngazi ni nyembamba na hazina mwanga wa kutosha, na fomu yao ya kwanza ilikuwa na herufi ndogo kiasi kwamba ilibidi nimsomee. Kwa ofisi inayopokea wateja wenye ulemavu, hilo ni kosa zito, na nililisema wazi. Ziara ya pili tulikuta fomu ya herufi kubwa mezani, ila ngazi ziko vilevile. Kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, ni afadhali apige simu kwanza, kwani mshauri hukubali kushuka hadi chini.

Malipo ni ya mara moja kwa mafaili yote mawili, na hatukudaiwa kitu tuliporudi na matokeo mapya: historia, jiografia na dini, zote zikiwa na ufaulu mkuu. Barua ya faili la pili haikubadilishwa hata neno, na kijana aliitia sahihi mwenyewe.