Sindano ndiyo iliyomgusa, siyo daktari

Nimekaa na hasira hii wiki kadhaa nikidhani itapoa. Haijapoa. Kama una mbwa mdogo hapa Dar na anawashwa, soma hadi mwisho kabla hujambeba kumpeleka popote.

Mbwa wangu anaitwa Kashata. Ni jike, mweupe, ana manyoya marefu na uzito wa kilo nne kasoro. Kipindi kile cha joto kabla ya masika alianza kujikuna. Mwanzoni sikushtuka, mbwa hujikuna. Halafu ikawa usiku kucha: mguu wa nyuma unagonga sakafu du du du du, anageuka, anajing'ata juu ya mkia, analia. Manyoya ya mgongoni karibu na mkia yakanyofoka, ngozi ikawa nyekundu, kisha ikatoa majimaji yenye harufu. Shemeji akasema tumpake oili chafu ya gari, maana kijijini kwao ndiyo dawa ya mbwa mwenye ukurutu. Nilikataa. Mbwa huramba mwili wake, na oili hiyo ingeishia tumboni. Jirani akaleta sabuni yake ya chunusi. Hiyo nilijaribu mara moja, ngozi ikazidi kukauka, nikaacha.

Kumfikisha kliniki nako ni safari. Bajaji ya kwanza ilikataa kubeba mbwa, na simlaumu dereva, kila mtu na imani yake. Ya tatu ikakubali.

Kliniki yenyewe siitaji jina. Ina bango zuri na kiyoyozi. Daktari alimtazama Kashata kwa umbali wa meza nzima na kusema, "Aleji hiyo, dada." Akavuta dawa kwenye bomba, akaja, akamchoma shingoni huku nimempakata. Sindano ndiyo iliyomgusa, siyo yeye. Hakufunua manyoya. Hakuniuliza anakula nini, analala wapi, wala kama nyumbani kuna paka. Hakukwangua hata chembe ya ngozi aiangalie kwenye hadubini kama kuna vijidudu vya upele. Kabla sijakaa vizuri nilikuwa nimeshalipa 45,000.

Lakini nisiwe mwongo: ilifanya kazi. Usiku ule Kashata alilala, na mimi nikalala. Asubuhi nilimtumia daktari ujumbe mrefu wa shukrani, na nilimsifia kwa dada yangu na kwa kila aliyetaka kusikia. Nafuu hiyo ilidumu siku kama tisa. Katika siku hizo alikunywa maji bakuli baada ya bakuli na akaanza kukojoa ndani, jambo aliloacha tangu utotoni. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba ile ilikuwa deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi. Inanyamazisha mwasho na inaleta ile kiu, ila kinachosababisha mwasho kinaendelea na shughuli zake. Dawa ilipokwisha mwilini, mwasho ukarudi kwa nguvu zote.

Nikarudi kliniki. Safari hii hakusimama kabisa. Alinisukumia chupa ndogo ya maji ya kunywa, imebanduliwa karatasi, ndani ina dawa yenye harufu kali. "Kifuniko kimoja kwenye maji ya kumwogeshea, usimsuuze." Nikauliza kama kipimo hicho kinamfaa mbwa wa kilo nne. Akajibu, "Dada yangu, huyo ni mbwa, siyo mtoto." Watu waliokaa kwenye benchi wakacheka. Nililipa, nikaondoka na uso umewaka moto.

Jioni nilimwogesha kama nilivyoambiwa. Haikupita saa moja, Kashata akaanza kuyumba kama mlevi. Akatapika, kisha akalala na hakuitika jina lake. Nikamshika masikio: baridi. Tumbo: baridi. Nikampigia daktari. Alikuwa anakula, nasikia kijiko kinagonga sahani. "Ataamka tu huyo. Msinisumbue saa hizi." Akakata. Nilipopiga tena simu ilikuwa imezimwa.

Kwenye kadi ya kliniki kulikuwa na namba ya pili, imeandikwa kwa kalamu. Akapokea binti, mwanafunzi wa udaktari wa mifugo kutoka Morogoro aliye pale kwa mafunzo ya vitendo. Nilikuwa nalia, sidhani kama nilieleweka vizuri, lakini aliuliza dawa inanukaje na inageuka rangi gani ikiingia kwenye maji. Kisha akasema: hiyo ni amitrazi, ile ya kuogeshea ng'ombe wenye kupe, ya asilimia 12.5. Mbwa anaweza kupewa, lakini kwa kipimo cha mbwa, na hawa wadogo huzidiwa upesi. "Dada, msuuze sasa hivi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, mara mbili. Mkaushe, mfunge khanga, mpe joto. Usikate simu." Akanielekeza kuweka vidole ndani ya paja la nyuma nihesabu mapigo, na akaniambia wazi kwamba yakizidi kupungua tutamtafuta daktari wa usiku, hata iweje. Tulihesabu pamoja, mimi kwa sauti, yeye akiangalia saa. Saa nane usiku Kashata alinyanyua kichwa.

Kesho yake jioni binti alipita kwangu na chanuo la chawa. Alimlaza Kashata kwenye shuka jeupe, akamchana pale juu ya mkia, akakung'uta kwenye tishu iliyoloweshwa. Vikaanguka vichembe vyeusi kama unga wa pilipili manga. Tukatazama. Polepole kila kichembe kikazungukwa na duara jekundu la rangi ya kutu. Kinyesi cha viroboto. Wekundu ule ni damu ya Kashata.

Viroboto! Nilibisha, maana sikuwahi kumwona hata mmoja. Akanieleza kwamba mbwa wa namna hii ngozi yake haivumilii mate ya kiroboto, hivyo kuumwa mara chache tu kunatosha kumwasha siku nyingi, na hao wachache huwala mwenyewe anapojing'ata. Sehemu ile ya juu ya mkia ndiyo ishara yao. Na amitrazi, sikilizeni hili, ni dawa ya kupe na vijidudu vya upele. Kwa viroboto haina msaada wa maana. Kwa hiyo Kashata wangu nusura afe kwa dawa ambayo hata ingepimwa sawasawa isingemponya.

Sasa anapewa kidonge cha kutafuna, kinachonunuliwa kwa kuangalia uzito. Kazi kubwa iko sakafuni: mayai hudondoka kwenye zulia na kitandani kwake, na kuna wanaojifungia kwenye vifuko hata miezi wakingoja mnyama apite. Tumefua kwa maji moto, tumeanika godoro juani, nafagia chini ya makochi kila siku. Mwenye paka awe mwangalifu pia, kuna dawa za viroboto vya mbwa zenye pemethrini, na hiyo inaua paka.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuwaambia msikanyage pale. Halafu namkumbuka yule binti kwenye simu, na nataka kusema nendeni, mkamtafute yeye. Ila mafunzo yake yana mwisho, na atakayebaki ni yule mwingine.

Juzi nilimpelekea binti maembe. Daktari yuko kwenye kiti kilekile, mbele yake mama mmoja amepakata mbwa wa kahawia mwenye masikio yaliyochubuka. Akavuta bomba. Sikuvumilia, nikasema, "Dokta, mshike kwanza umwangalie." Alinitazama kama hanijui. Binti hakusema neno, alivaa glavu, akampokea mbwa, akamlaza mezani.

Basi nendeni, lakini siku binti akiwepo. Hapana. Nikikumbuka kile kijiko kinavyogonga sahani, msiende.