Vitasa vya Tela la Kambi: Kinachokaza, Kinacholegea na Kinachokufungia Ndani

Tela langu la kupigia kambi lilijengwa uani kwangu, Arusha, juu ya chesisi ya bomba za mraba aliyoichomelea fundi wa mtaani, na vipimo vyake vilifuata karatasi ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8 ili pasiwe na vipande vingi vya kutupa. Lina milango miwili midogo ya ubavuni, ya kuingilia kitandani, na mlango mmoja mpana wa nyuma unaoinuka juu na kuliacha jiko wazi, kwa mtindo wa yale matela yenye umbo la tone la maji ambayo Wamarekani walianza kuyajenga wenyewe katika miaka ya 1930. Paa, magurudumu na nyaya za taa vilikwenda kama nilivyotarajia. Vitasa ndivyo vilivyonirudisha dukani mara tatu.

Nilianza na komeo la kawaida la kusukuma, lenye tumbuu ya kutia kufuli, kama lile la mlango wa stoo. Ni la bei rahisi, halivunjiki ovyo, na fundi yeyote hulifunga kwa dakika kumi. Kasoro yake haionekani stoo kwa sababu stoo haitembei: komeo huuzuia mlango usifunguke, lakini haliuvuti kuelekea kwenye fremu. Ulimi ukicheza milimita mbili, mlango nao hucheza milimita hizo hizo mbili, na kwenye barabara ya changarawe yenye migongo kama ya bati mchezo huo huwa kelele ya safari nzima, kisha matundu ya skrubu hupanuka. Kasoro kubwa zaidi niliigundua kabla hata sijatoka uani. Mpwa wangu wa miaka tisa aliingia kulala kwa majaribio, mdogo wake akasukuma komeo kwa nje na kukimbilia mchezo mwingine. Nilisikia sauti kutoka ndani, "Mjomba, nifungulie, sioni pa kushika!" Chumba chenye godoro na kuta za plaiwudi, ambacho hatua chache kutoka kilipo panapikwa kwa gesi, hakifai kabisa kuwa na mlango unaofunguliwa kwa nje tu. Makomeo yote niliyang'oa siku ile ile.

Aina ya pili ilikuwa kitasa cha kubamiza, kile kinachofungwa kwenye masanduku ya vifaa ya pikapu. Kibao chake huzama ndani ya mlango; ukiingiza vidole na kukivuta, ulimi uliochongwa mshazari hurudi nyuma. Kinapendeza machoni, hakinasi matawi ya migunga njiani, na mlango hufungwa kwa kuubamiza tu. Mwenye duka alinihakikishia kwamba ni chuma cha pua, kumbe kilikuwa aloi ya zinki iliyopakwa kromiamu. Sumaku haikusaidii hapa, kwa kuwa haishiki zinki wala haishiki sana chuma cha pua cha daraja la 304. Afadhali ukikwaruze kwa nyuma, mahali pasipoonekana, uone kama chini ya mng'aro kuna madini laini ya kijivu.

Vitasa hivyo nilivipeleka Ziwa Natron, kwa njia ya vumbi itokayo Mto wa Mbu, ikapita Engaruka hadi Engare Sero. Vumbi la huko, chini ya Ol Doinyo Lengai, limechanganyika na majivu ya volkano na ni laini kama unga wa ngano. Gari na tela vinapokwenda, nyuma yake hubaki hewa yenye mgandamizo mdogo, na wingu la vumbi hunyonywa kuufuata mlango wa nyuma. Kitasa changu kilikuwa kimoja, katikati, na kiliushika mlango hapo tu, huku pembe zake mbili za chini zikipumua kila tela liliporuka. Tulipofungua jiko, vikombe vilikuwa na rangi moja na barabara, na kopo la sukari lisilofunikwa vizuri tulilimwaga. Kitasa hakikufunguka hata mara moja, hivyo siwezi kusema kilishindwa kazi yake. Mimi ndiye niliyekipa kazi isiyokuwa yake.

Ipo pia habari ya ufunguo. Ufunguo wangu ulifungua sanduku la jirani yangu aliyenunua kitasa kutoka duka hilo hilo. Hali hiyo si ya Arusha peke yake: Marekani wenye matela wanaufahamu vizuri ufunguo wenye namba CH751, kwa sababu umetumika kwenye milango ya mizigo ya matela mengi kiasi kwamba anayeumiliki mmoja anaweza kufungua vya wengi. Ufunguo wa namna hiyo unaweka heshima tu. Kitu cha thamani kisiachwe nyuma yake.

Aina ya tatu, ambayo ndiyo imebaki kwenye jiko, ni kitasa cha kukandamiza, na nimefunga viwili, kimoja kila upande. Mkono wake una umbo la herufi T. Ukiuinua, kitasa hulegea. Ukiuzungusha robo mzunguko, kidole cha chuma kilichoko ndani huachia fremu. Wakati wa kufunga unarudia kinyume chake, na unapoulaza mkono, kidole huvutwa milimita kadhaa na kuibana raba kati ya mlango na fremu. Nati mbili zilizoko nyuma hukuruhusu kukisogeza kidole mpaka ubane kiasi unachotaka. Bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya kile cha kubamiza.

Ufungaji ndio unaoamua kama fedha hiyo imekwenda mahali pake. Raba ibandikwe kwanza, kitasa kifuate. Nilipofanya kinyume chake ilinibidi nikihamishe kidole upya. Raba yangu, ya aina yenye mviringo ulio wazi ndani, ina kimo cha milimita 15, nami niliikandamiza hadi takriban 10. Ukiibana mpaka ilale kabisa hupoteza uhai wake mapema. Kabla ya kukata tundu nilibandika selotepu ya karatasi, nikachora juu yake, nikatoboa pembe nne kwa drili, kisha nikamalizia kwa msumeno mdogo wa umeme bila kuchubua rangi. Ukingo wa plaiwudi uliokatwa hunywa maji kama kitambaa, kwa hiyo niliupaka vanishi mara mbili kabla kitasa hakijaingia. Kwa nyuma niliweka kipande cha mninga ili bolti zishike kitu kizito badala ya ngozi nyembamba ya mlango, na nati nilizotumia ni zile zenye pete ya plastiki ndani, zisizolegea kwa mtikisiko. Kati ya chuma cha pua na bati la aluminiamu niliweka washa za plastiki, kwa kuwa madini hayo mawili yakigusana penye unyevu wa chumvi, au wa magadi kama ya Natron, aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Kupima ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Funga mlango juu ya kipande cha karatasi, kisha ukivute. Kikitoka bila kusita, raba haibani mahali hapo. Nilizunguka mlango mzima hivyo, kila nilipopima shubiri moja, na nikakaza nati ya kushoto mizunguko miwili.

Milango ya ubavuni sikuifunga aina hii, kwa sababu niliyoipata hufunguliwa kwa nje tu. Huko nilirudia cha kubamiza, ila cha daraja bora zaidi: ndoano inayozunguka na kuishika pini kwa hatua mbili, kama mlango wa gari, pamoja na wenzo wa ndani. Kabla ya kulipa, nilikifunga kwa ufunguo pale pale kaunta na kuuvuta wenzo huo. Kimoja kati ya viwili nilivyooneshwa kiligoma, nikakirudisha. Ndani ya ndoano naweka unga wa grafaiti, kwani mafuta hushika vumbi na kugeuka tope linalosaga.

Kile cha kukandamiza nacho kina dosari. Mkono usipolazwa hadi mwisho, kwa mbali huonekana umefungwa, na hilo lilinitokea karibu na Makuyuni. Sasa nimepaka alama nyekundu chini ya kila mkono, ambayo ikionekana najua bado. Safari ya pili ya Natron ilirudi na vikombe safi, isipokuwa mstari mwembamba wa vumbi kwenye pembe ya chini kushoto, palipo na kiungo cha raba. Nilikikata kwa haraka na hakikukutana vizuri, hivyo kabla ya safari ijayo nitabadilisha kipande hicho.