Nyumba za ziwani Uswisi: Waselti juu ya maji, au wakulima wa ufukweni?

Majira ya baridi ya 1853–54 maji ya Ziwa Zürich yalipungua sana, na huko Obermeilen nguzo za kale zikachomoza kwenye tope. Mtafiti wa mambo ya kale Ferdinand Keller aliona hapo kijiji kilichojengwa juu ya maji, kwenye jukwaa la mbao, na wakazi wake akawaita Waselti, watu wa kale wa Ulaya.

Maelezo ya pili, yaliyopata nguvu karne ya 20, yanasema nyumba nyingi zilisimama ufukweni, kwenye ardhi chepechepe, baadhi zikiinuliwa kukwepa mafuriko. Mimi niko upande huu. Pete za ndani ya nguzo huonyesha mwaka mti ulipokatwa, na vijiji vya kwanza kuzunguka Alps ni vya takriban 5000 KK, milenia kadhaa kabla Waselti hawajatajwa popote. Vyungu navyo havifanani: vya utamaduni wa kale wa Cortaillod vimesuguliwa vikalainika, vya ule wa Horgen ni vinene na vya kukwaruza. Kabila moja? Sioni.

Kinachonigusa zaidi ni matufaha ya Robenhausen, kijiji kingine cha kale cha ziwani. Mtu aliyakata nusu kwa nusu, akayaweka akiba. Moto uliyageuza makaa, lakini hadi leo umbo la tunda linaonekana.