Semina ya "mchezo wa bia": nyota 4, moja nimeinyima kwa sababu ya pilau

Jumamosi ofisi ilitulipia semina ya siku moja hapa Dar, watu wa stoo na manunuzi, maana kwetu kila siku mzigo ukikwama ni kurushiana mpira tu. Nilienda kivivu nikijua ni zile slaidi za "tushirikiane" mpaka saa kumi jioni. Kumbe tunacheza gemu!

Gemu yenyewe ya zamani, ilianzia chuo kikuu cha MIT kule Marekani miaka ya 1960 kwa profesa Jay Forrester na wenzake. Asili yake ni bia ila mkufunzi alitubadilishia zikawa kreti za soda, nusu ya meza yetu ni maustadhi lol. Mnakaa wanne: duka, jumla, msambazaji, kiwanda. Hakuna kuongea, unapitisha kikaratasi cha oda tu, na mzigo unakaa wiki mbili njiani. Kreti ikilala stoo unakatwa senti 50 ya dola kwa wiki, ukidaiwa kreti huna unakatwa dola 1, kwahiyo kila mtu anaogopa kuishiwa.

Mi nilikua jumla. Mwanzo oda ni kreti 4 kila wiki, raha mustarehe. Mara duka linaniletea 8, mara 12, mara 20, stoo nimebaki na mbili, nikapaniki nikaagiza 30, mzigo hauji, nikaongeza 40, msambazaji nishamchukia kabisa yaani simtazami usoni, halafu ukatua wote kwa mpigo na duka nalo limeacha kuagiza! Nikaapa wateja wa hii gemu ni vichaa. Mkufunzi akafunua karata zao: walikua wananunua 4, wiki ya 5 wakapanda 8, basi, 8 mpaka mwisho. Aisee. Vurugu yote tulitengeneza wenyewe, na kiwanda ndo kiliumia kuliko wote wakati hakijawahi hata kumuona mteja.

Kasoro zipo. Mkufunzi mmoja kwa meza nane ni wachache, na maongezi ya baada ya gemu, ambayo ndo utamu wenyewe, yalipewa dakika 40 tu. Pilau imefika saa nane na nusu, sijui nao waliagiza kwa vikaratasi.

Mkienda bebeni na watu wa mauzo. Wa kwetu walisema wako bize, na Jumatatu saa tatu asubuhi wakatuletea oda mara mbili ya kawaida "just in case".