Nilivyosomea ualimu wa michezo na afya Mbeya: mipira minne, miwili haina upepo

Mdogo wangu amemaliza kidato cha sita na anataka kunifuata. Mama kanipigia simu kutoka Makambako: "Mwambie mwenzio ukweli, usimfiche." Basi naandika yote hapa, maana si yeye peke yake anayeniuliza.

Nimesoma stashahada ya ualimu, miaka 2, nikamaliza 2025. Masomo yangu ya kufundishia ni Biolojia na Elimu kwa Michezo. Chuo sikitaji jina. Kiko Mbeya, kwenye baridi, na wenyewe wakisoma hapa watajijua.

Kwanza niondoe kitu kimoja. Watu wanadhani kozi hii ni ya wachezaji. Darasani kwetu alikuwepo kaka mmoja aliyewahi kucheza mpira wa ushindani, mguu wa kushoto una sumu, lakini somo la kwanza la kufundisha alilopewa alipuliza filimbi, akawapa watoto mpira, akakaa kivulini. Kapata alama mbovu kuliko wote. Mimi sijawahi kufunga goli hata la netiboli na nilimpita mbali. Kozi hii haikufundishi kucheza. Inakufundisha kufanya watoto 70 watoke jasho kwa dakika 40 ukiwa na mpira mmoja. Ukilijua hilo mapema hutalia kama nilivyolia muhula wa kwanza.

Mchakamchaka ulikuwa saa 11 alfajiri. Mbeya mjini ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa sita ukitoka bwenini unaona pumzi yako kama moshi wa jiko. Sisi wa Makambako tumezoea. Lakini kulikuwa na dada wa Tanga, siku ya tatu tu akatapika getini, akawa analia anasema ana pumu. Hakuwa na pumu. Mkufunzi wetu wa mazoezi, mzee mmoja mpole, alimkalisha kwenye jiwe akatuita wote tumzunguke, tukasoma palepale: huku juu mgandamizo wa hewa ni mdogo, kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko pwani, moyo unafidia kwa kwenda mbio. Mpeni wiki kadhaa, akasema, damu yake itajiongezea chembe nyekundu. Dada yule muhula wa pili ndiye alikuwa anatuimbisha mbele.

Mzee huyo ndiye sababu sijutii ada. Alikuwa na tabia ya kufundisha kwa hadithi za kweli. Somo la kugawa nguvu kwenye mbio alilifundisha kwa mkimbiaji wetu Filbert Bayi, Christchurch, New Zealand, 1974, mita 1,500: alivyotoka mbele tangu mwanzo, wenzake wakisubiri achoke, na yeye akafika kwa dakika 3 sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Halafu akatutoa nje tukimbie hivyohivyo. Wote tulikufa mzunguko wa pili. "Sasa mmeelewa," akasema, "Bayi alijua mwendo wake. Nyie mmeiga mwendo wa Bayi." Akaondoka zake kwenda kunywa chai.

Sasa kero.

Traksuti. Tulilipa elfu 35 kila mmoja mwezi wa kwanza, tukaambiwa zinakuja baada ya wiki mbili. Zilikuja mwaka wa pili. Yangu ilikuwa ya mtoto wa darasa la sita, suruali ikaishia katikati ya muundi. Kubadilisha haiwezekani, "mlipimwa". Hatukupimwa na mtu. Raba ni juu yako mwenyewe, na kwa viwanja vile jozi moja haifikishi mwaka. Mimi nilinunua mbili za mtumba soko la Mwanjelwa, nenda asubuhi siku wanayofungua mabelo, usiende Jumapili mchana ukidhani utakuta kitu.

Vifaa ndiyo usiseme. Stoo ya michezo ilikuwa na mipira minne kwa darasa la watu 58, na miwili kati ya hiyo ilikuwa haina upepo kwa sababu sindano ya pampu ilipotea, na kila mtu alijua imepotea, na hakuna aliyenunua nyingine. Sindano! Tufe lilikuwepo moja, la kilo 7.26, la wanaume, na sisi wasichana tukarusha hilohilo wakati letu ni kilo 4. Bega langu la kulia linakumbuka. Jimnastiki tulifanyia kwenye magodoro ya bwenini. Unabeba godoro lako kichwani mpaka kiwanjani, unabingirika mbele, unasimama kwa mikono, jioni unarudi kulilalia likiwa na vumbi na majani. Kuogelea tulisoma ubaoni. Nina alama nzuri sana za kuogelea, na nikitumbukia Ziwa Nyasa leo mtanitafuta.

Lakini hapo kwenye uhaba ndipo mzee wetu alipotuonyesha kazi. Siku moja alikuja na mipira miwili ya makaratasi, ile ya kufunga kwa kamba na nailoni, na chupa tupu ya maji. Akachora mistari kwa jivu. Wasichana tukacheka, maana tuliona kabisa ni rede. Rede ile ya nyumbani: wawili wanarusha kutoka pande mbili, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa, akijaza na kumwaga salama kapita. Akatuacha tucheze dakika 10. Kisha akaanza kuuliza. Nani amekwepa kwa kuinama, nani kwa kuruka, nani alitazama mkono wa mrushaji na nani alitazama mpira? Ukirusha, mguu gani uko mbele? Yule mchezaji wa mpira wa miguu alikuwa anarusha mkono wa kulia na mguu wa kulia mbele, mpira unafia njiani. Mzee akamgeuza mguu tu, mpira ukaenda kama jiwe la manati. Tukatoka rede tukaingia kurusha mkuki, tukatoka hapo tukaingia mpira wa mikono, na hatukuwa tumegusa kifaa cha dukani hata kimoja. Nimekuja kufundisha kwa namna hiyo mpaka leo.

Mazoezi ya kufundisha, BTP, nilipangiwa sekondari ya kata nje ya mji, Februari mpaka Aprili. Wanaoijua Mbeya wanajua hiyo ni miezi ya mvua. Kiwanja kilikuwa bwawa. Na siku mkufunzi wa kutathmini alipokuja, na bodaboda yake imejaa tope mpaka kwenye taa, mvua ilianza dakika 5 kabla ya kipindi. Andalio langu la somo lilisema mbio za kupokezana vijiti. Nilisimama na vijiti vyangu vya mabomba ya maji nimevikata mwenyewe, miguu inatetemeka.

Nikawaingiza darasani, kidato cha kwanza, watoto 73. Nikawaambia wekeni vidole viwili shingoni, pembeni ya koromeo, msibonyeze. Tafuta kinachogonga. Darasa likanyamaza kabisa, unasikia mvua kwenye bati tu. Watoto 73 wamekodoa macho wanajisikiliza. Kisha sauti nyuma: "Madam, mimi sina." Darasa likaangua kicheko. Nikamwendea, nikamsogezea vidole kidogo kushoto, akashtuka: "Yupo!" Alisema yupo, kama anaongea juu ya mtu. Tukahesabu sekunde 15, tukazidisha kwa 4. Nikawasimamisha, wakachuchumaa na kuinuka palepale kwenye nafasi zao kwa dakika moja, tukahesabu tena, tukaandika ubaoni kabla na baada. Halafu nikauliza kwa nini imepanda. Biolojia na michezo vikakutana bila mimi kulazimisha.

Hapo niseme na Kiingereza. Sekondari unatakiwa ufundishe kwa Kiingereza. Kwenye andalio niliandika Kiingereza safi. Kiwanjani, mtoto anakaribia kugongana na mwenzake, utapiga kelele gani? Utasema "Angalia!" Mkufunzi alinikata alama 2 kwa hilo. Sizidai.

Upande wa afya chuo kilikuwa na mkufunzi mzuri na vipindi vichache mno. Somo lililonikaa ni la udumavu, mtoto kubaki mfupi kuliko umri wake kwa lishe duni. Alianza kwa kutuuliza tunalima nini kwetu. Mahindi, viazi, maharage, parachichi, maziwa, ndizi, tukataja mpaka ubao ukajaa. Kisha akaandika takwimu za utafiti wa kitaifa wa 2022, watoto wa chini ya miaka 5 waliodumaa: Iringa asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8, taifa zima 30. Darasa likawa kimya. Mimi wa Njombe nilitazama chini. Nyumbani kwetu parachichi linapanda lori, maziwa yanauzwa, mama yuko shamba toka asubuhi, mtoto anabaki na ugali na viazi kutwa mara mbili. Hatuna njaa, ndiyo maana tatizo hatulioni.

Na hilo si nadharia ukifika kiwanjani. Kidato cha kwanza una mvulana wa miaka 14 ambaye kwa kimo ungesema wa darasa la tano. Ukipanga makundi kwa umri kama kitabu kinavyosema, anagongwa kila siku, wiki ya tatu anaanza kuumwa kichwa kila kipindi cha michezo. Mimi napanga kwa kimo na uzito. Hilo nalo nilijifunza BTP.

Hedhi tulipewa kipindi kimoja. Kimoja, miaka 2 nzima, na mkufunzi wa kiume alikipitia kama anakimbizwa. Wakati ukienda shuleni nusu ya wasichana wanaokaa pembeni wakisema tumbo linauma, tumbo ni hilo. Kwenye boksi langu la filimbi na koni naweka pedi, na kila darasa linajua ziko wapi bila kuniomba. Chuo hakikunifundisha, na kingetakiwa.

Huduma ya kwanza nayo wape sifa zao. BTP binti mmoja aliteguka kifundo cha mguu. Nilimkalisha, nikamwinua mguu juu ya begi, nikamwekea kitambaa cha maji ya bomba, na kwa Mbeya maji ya bomba hayahitaji barafu, nikamfunga bandeji. Mama yake akafika na chupa ya mafuta ya moto, tayari kuchua. Alipoona maji akashika kiuno. "Mwalimu, mtoto wa watu unamtia maji baridi na baridi hii yote?" Nikamsalimia kwanza, "Shikamoo mama," nikamwomba akae. Nikamweleza kwamba ndani pale mishipa imepasuka inavuja, ukichua siku mbili za mwanzo unaifungulia zaidi. Akanitazama umri wangu, akatazama mguu. Akasema, "Haya, siku mbili nitavumilia. Ya tatu nachua." Siku ya tatu binti alikuwa anakanyaga, mafuta hayakutumika. Mama akaniletea ndizi mkungu mzima, akasema, "Ndaga, mwalimu," yaani asante, nikala wiki nzima.

Sasa ajira. Mdogo wangu soma hapa mara mbili. Shule nyingi hazina somo la Elimu kwa Michezo kama somo la mtihani. Utaajiriwa, au utajitolea kama mimi sasa hivi Mbalizi, kwa lile somo lako la pili. Mimi ni mwalimu wa Biolojia anayepewa michezo Ijumaa mchana, na Ijumaa hiyo mwalimu wa Hisabati akiwa na mada haijaisha anakichukua kipindi, anakirudisha lini, hajui mtu. Msimu wa UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ndipo kila mtu anakukumbuka: "Madam, timu iko wapi?" Kwa hiyo chagua somo la pili unalolipenda kweli, si la kujazia fomu.

Ila kuna siku. Septemba 2025, Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia Tokyo, niliwaonyesha watoto ile video kwenye simu yangu, vichwa 30 juu ya kioo kimoja. Yeye na Mjerumani wameandikiwa muda uleule, saa 2 dakika 9 sekunde 48, ikabidi picha iamue, tofauti sekunde 0.03. Nikawauliza kashindaje. Mmoja akasema, "Kifua, Madam." Wiki nzima ile hata wanaokwenda kuchota maji walikuwa wanamalizia kwa kutanguliza kifua.

Ningesoma tena? Ndiyo, kama yule mzee bado anafundisha. Chuo chenyewe bila yeye nisingekilipia. Kwa hiyo ukienda kuulizia nafasi, usiishie kwa mhasibu. Omba wakufungulie stoo ya michezo, hesabu mipira, ibonyeze kwa kidole. Uliza tufe la wasichana liko wapi. Ongea na wa mwaka wa pili, angalia suruali zao zinaishia wapi. Na ukiamua kujiunga, beba sindano yako ya pampu. Mimi yangu nilinunua Kabwe kwa mmachinga, ninayo mpaka leo, nimeishonea kwenye kamba ya filimbi.