Darasa la rivyu ya fainansi: ticha anafundisha vizuri, ila msimuulize swali

Wanaojiandaa na mitihani ya uhasibu ya CPA naombeni mnisikilize kabla hamjatuma hela, maana yangu imeshaenda na hairudi. Nilijiunga na darasa moja la rivyu la mtandaoni, jina silitaji, la kupiga maswali ya fainansi na uwekezaji, ada unalipa yote kwa simu kabla hujaingia hata kipindi kimoja. Naandika nikiwa bado na hasira, tena nyingi.

Swali lenyewe lilikuwa la kawaida kabisa. Kampuni inanunua mashine ya milioni 100, inatumika miaka 5, mwisho haina thamani, inaingiza milioni 35 kila mwaka kabla ya kodi, kodi 30%, WACC (wastani wa gharama ya mtaji, mkopo na hisa kwa pamoja) 14%. Chini kabisa wamechomeka sentensi kwamba nusu ya hela ya mashine ni mkopo wa benki wa riba 12%. Hiyo sentensi ndo mtego, yeyote aliyewahi kukaa na maswali ya NPV (thamani ya leo ya fedha za mradi ukitoa gharama yake) anaujua.

Ticha akaanza vizuri, uchakavu milioni 20 kwa mwaka, halafu akakata na riba milioni 6, ikabaki 9, kodi 2.7, akarudisha uchakavu 20 maana si hela inayotoka, fedha halisi akapata 26.3 kwa mwaka, akazidisha na 3.433 ya kwenye jedwali la 14% kwa miaka 5, NPV ikatoka hasi milioni 9.7. Akaandika kwa herufi kubwa MRADI UKATALIWE na akataka kuendelea na swali linalofuata.

Jamani riba haikatwi pale! Ile 14% ndo imebeba riba ya benki pamoja na kile wenye hisa wanachodai, hata nafuu ya kodi imo humo humo, maana ile 12% ukishaipunguza kwa kodi inaingia kwenye WACC kama 8.4%. Ukikata riba kwenye fedha halafu ukadiskaunti (ukaishusha iwe thamani ya leo) tena kwa WACC, unakuwa kama konda aliyekuchukulia nauli Ubungo halafu anakudai tena Kimara wakati gari ni lile lile. Ukiacha riba nje, 35 toa uchakavu 20 inabaki 15, kodi 4.5, kwa hiyo fedha halisi ni 35 toa 4.5, yaani 30.5, mara 3.433 unapata kama 104.7, toa 100, NPV ni chanya milioni 4.7. Mashine ile ile, huku wanakwambia nunua, huku wanakwambia acha. Hilo si kosa la kuruka.

Nikaandika kwa heshima zote, "Samahani ticha, riba si imeshahesabiwa kwenye WACC?" Kimya. Nikaandika tena, nikaweka na hesabu. Akafungua maiki akasema mbele ya watu wote, "Dada, wewe umelipa kufundishwa au umelipa kufundisha? Kama unajua sana fungua darasa lako." Wengine wakatuma emoji za kucheka, kaka mmoja akaandika usitupotezee bando. Hakuna hata mtu mmoja aliyeshika kalkuleta akajaribu. Nakuja kuangalia baadaye nimeshatolewa kwenye grupu, na linki ya vipindi haifunguki tena.

Nikampigia dada anayepokea ada, sauti ya upole kweli, akaniambia pole mdogo wangu ila ada ikishalipwa hairudi, mwombe tu ticha msamaha atakurudisha. Msamaha wa nini? Wa kuuliza swali kwenye darasa nililolipia?

Na sio hela tu inayoniuma. Mle ndani kuna watu wanatoka kazini usiku wamechoka, wengine wanairudia pepa hiyo hiyo, wanakopi kila kinachoandikwa ubaoni kwa sababu wanamwamini yule mtu. Wataingia chumba cha mtihani na riba yao iliyokatwa mara mbili, maksi zitapotea na hawatajua zimepotelea wapi.

Ila nisimpunje, haki yake nampa. Kwenye gharama ya mtaji yule ticha sijaona wa kumfikia. Wale wachumi Modigliani na Miller chuoni nilikariri tu, yeye ndo alikaa akatueleza kwanini mwaka 1958 walisema mkopo hauongezi thamani ya kampuni, halafu 1963 wakaja kurekebisha hesabu ya kodi, na kwanini riba kupunguza kodi kunabadilisha stori yote. Bondi pia alizifundisha mpaka zikaingia: kuponi (riba bondi inayolipa kwa mwaka kwa kila 100) ni 12, soko linataka 15, basi lazima bei iwe chini ya 100, akachora na mstari wa kila malipo tukaona wenyewe. Vipindi vile nilitoka nimefurahi kweli, nikawaita na wenzangu wajiunge. Nilikuwa nataka kuandika hapa kwamba kwa WACC na bondi lipieni tu, mtapata thamani ya hela yenu.

Lakini hapana, kadiri ninavyoandika ndo nazidi kuona haiwezekani. Mtu anayezijua Modigliani na Miller vile anajua kabisa riba inakaa wapi. Alijua. Alipoulizwa mbele za watu akaona afadhali darasa zima likosee kuliko yeye aseme subiri niangalie tena. Hilo siwezi kumlipia mtu, na wewe usilipe.

Rafiki yangu aliyebaki mle ananiambia rekodi ya kile kipindi wanawatumia wanaojiunga wapya, na jibu bado ni lile lile, hasi 9.7. Kama umo humo na umeshalikopi kwenye daftari, futa ule mstari wa riba milioni 6, anza tena kwenye 35 toa 20, piga mpaka mwisho.